Nusu Yangu na Nusu ya Mwanaisha

Siku ya arobaini ya Mwanaisha, watu wamekwisha kula pilau na masinia yanaoshwa uani, mjukuu wangu Rehema akasema mbele ya wajomba zake kwamba atagombea udiwani. Ungedhani kavua nguo. Mjomba mmoja akacheka mpaka akapaliwa na maji. Mwingine akasema, "Wewe? Juzi tu tulikuwa tunakufuta kamasi. Ngoja wakubwa zako wamalize, nawe utaitwa." Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo ukutani, mguu wangu mbovu nimeunyoosha, nikageuka upande wa kulia ili nimwone Mwanaisha anavyobetua mdomo, maana hapo ndipo alipokaa kwenye kila shughuli tangu tulipokuwa wasichana. Nikakuta mto mtupu. Hasira iliyonipanda pale sikuipata hata siku ya kumzika. Kalamu mimi nilifundishwa ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, na watoto wanne mgongoni, na herufi zangu mpaka leo zinalala kama walevi. Lakini nimeamua kuandika, maana hao wajomba wanaosema "ngoja utaitwa" hawajui walivyopata wao hata pa kukaa wakasema.

Mwaka ule sikuliona jua. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, chama cha kuudai ndiyo kwanza kinanong'onwa huku kwetu Kaole, na mimi nilikuwa nimevunja ungo. Bibi yangu, Bibi Zuhura, kungwi wa kijiji kizima, akanitia ndani chumba cha nyuma. Baada ya muda akaletwa Mwanaisha, binti ya Mzee Shomari, ili tufundwe pamoja. Mwali kwetu hatoki. Haonwi na mwanamume asiye baba yake wala ndugu yake, na sauti yake haisikiki nje mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma. Chumba kilikuwa cha udongo na boriti za mkoko, kitanda kimoja cha kamba tukilala mzungu wa nne, miguu yake usoni pangu, na kidirisha cha ukubwa wa sinia kilichozibwa kwa kipande cha jamvi. Asubuhi tunasingwa liwa ya kunukia, mchana tunasuka ukili wa mikeka mpaka vidole vinachanika. Chakula chetu uji wa mtama, mhogo wa nazi, papa mkavu, na Alhamisi mkate wa kumimina ambao Mwanaisha aliumega kama panya, kidogo kidogo, ili ukiisha wangu anitambie kwa wake. Alikuwa mpole, msemaji wa chini chini, hata ukimkalia karibu unamwambia rudia. Mimi nilikuwa na domo. Bibi alisema Mungu alikosea kuligawa, akanipa mimi la watu wawili.

Ng'ambo ya kile kidirisha ndiyo ulikuwa upenu wa uani, na chini ya upenu ule, baada ya swala ya alasiri, walikuja vijana. Aliwaleta Athumani, mtoto wa mjomba wangu, mkwezi wa minazi, mrefu, kanzu yake haimfiki kwenye kifundo. Jumbe wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali ya kikoloni, Jumbe Mwinyihija, alikuwa amepiga marufuku vijana kukusanyika. Akitaka watu wa kufyeka barabara, anapiga mbiu na wao wanakwenda, hakuna kuuliza. Barazani kwake, wanapokaa wazee kuamua nani akafyeke na shamba gani lichukuliwe, kijana haruhusiwi hata kuegemea nguzo. Na hata wale wazee wachache waliokuwa na kadi za chama, sitaki kuwapamba, waliwataka vijana wawabebee viti tu. Bibi aliwaachia uani kwake, na kahawa akawapikia. Alipoulizwa, alisema anamkaribisha Mzee Mshamu, muadhini wetu, ambaye kwa kahawa angekwenda popote. Hao wengine ni wafuasi wa muadhini. Nasi huku ndani tunasuka, masikio tumeyatoa nje, jamvi tumelisogeza kwa kidole.

Siku moja ya kaskazi, joto limetulia juu ya nyumba kama kifuniko cha chungu, Athumani alisimama wima na kikombe mkononi. Maneno yake ninayo mpaka leo. "Tunaitwa kwenye majembe, hatuitwi kwenye mashauri. Kesho mchana, tukishaswali adhuhuri, twendeni mlangoni kwa Jumbe. Tuvue viatu, tupige hodi, tumwambie tunataka wenzetu wawili wakae barazani wasikilize na waseme." Mmoja akauliza, "Na akikataa kutufungulia?" Athumani akasema, "Tutakaa chini mpaka afungue. Lakini nasema mapema: atakayeshika jiwe, au kiberiti, au atakayemtukana yule mzee, huyo si mwenzangu." Na hapo, kwa mkogo wake wa kupunga mikono, akajimwagia kahawa kifuani. Bibi akamwambia, "Kwanza jifunze kushika kikombe, ndipo ushike nchi." Wakacheka wote. Mwanaisha aling'ata ukili asisikike. Mimi nilicheka kidogo, Bibi akagonga ukuta kwa mwiko.

Jioni ile ile banda la mbata la Jumbe likaungua. Mtu yeyote wa pwani anajua namna mbata zinavyokaushwa: nazi zimepasuliwa, zimepangwa juu ya uchaga, chini moto wa makumbi unafuka, na mafuta yanadondoka. Mlinzi akisinzia kidogo tu, banda linawaka lenyewe, na kila mwaka liliwaka la mtu. Lakini mwaka ule halikuwaka lenyewe. Jumbe alisema limechomwa, na aliyewatuma wachomaji ni Athumani, aliyewakusanya vijana uani kwa kungwi akawaambia, "Mtieni moto." Askari wakamchukua asubuhi, kanzu yake ina doa la kahawa kifuani. Wenzake nao wakaandikwa kuwa wamo katika shauri hilo hilo, kwa hiyo hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusimama akamtolea ushahidi. Atahukumiwa na Liwali, hakimu wetu wa pwani, huko Bagamoyo. Akitiwa hatiani ni viboko, kisha jela, na Jumbe alikwisha kutangaza barazani kwamba baada ya hapo hakuna kijana atakayefungua kinywa Kaole mpaka yeye afe.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama yenye mgonjwa. Nazi zilikunwa kimya kimya. Mjomba wangu alikaa mlangoni bila kula. Mzee Mshamu akaja, na safari hii kahawa aliiacha ikapoa. Nilimsikia akimwambia Bibi ukutani pale, "Mimi nitakwenda, nitasema niliyoyasikia. Lakini mimi ni mmoja. Liwali yule ni mtu wa sheria, atataka mwanamume wa pili." Bibi akamjibu, "Na kama hayupo?" Mzee akasema, "Kama hayupo, basi wanawake wawili mahali pake. Wewe ulikuwapo, Bi Zuhura." Bibi akasema, "Mimi nimeshtakiwa pia, wameandika ni uani kwangu." Nikamtazama Mwanaisha. Naye ananitazama, mkono umesimama kwenye ukili. Mimi nikaenda kwenye kidirisha, nikafanya jambo ambalo mwali hafanyi. Nikasema, "Sisi wawili tulisikia." Mzee Mshamu aliondoka pale mbio kama aliyemwagiwa maji ya moto, akiomba radhi kwa Mungu kwa kusikia sauti ya mwali.

Bibi aliingia, akafunga mlango, nikajua napigwa. Hakunipiga. Alikaa kitandani, kamba zikalia. "Unajua, Tatu, Jumbe ameleta posa yako kwa mwanawe?" akaniuliza. Sikujua. "Ameleta, na mjomba wako ameipokea. Ukienda kusema kule, posa inarudi, na hakuna nyumba itakayoleta nyingine. Watasema mwali amevunja ndani. Watasema unamtetea bwana wako. Athumani si ndugu yako wa tumbo moja, watasema hivyo hata ukiapa kwa msahafu. Nakwambia sasa ili usije ukanililia baadaye." Nikamwuliza, "Na nisipokwenda?" Akasema, "Hakuna litakalokupata. Utatolewa kwa ngoma, utavaa dhahabu ya Jumbe, na Athumani atavunja mawe." Akamgeukia Mwanaisha. "Na wewe, baba yako ndiye mkono wa kulia wa Jumbe." Hilo lilikuwa kweli: Mzee Shomari ndiye aliyekuwa msaidizi wake, anayebeba muhuri wake, anayekaa ubavuni pake. Mwanaisha alisema neno lakini hatukulisikia. Bibi akamwambia rudia. Akasema, "Nimesikia aliyoyasikia Tatu. Nitasema."

Habari haifichiki kijijini. Kabla jua halijazama Mzee Shomari alikuwa sebuleni kwetu, hakukaa, hata shikamoo ya mjomba hakuiitikia. "Nampeleka binti yangu kwao," alisema. Bibi akamwambia, "Sijamaliza kumfunda, Shomari. Mwali hahamishwi katikati." Akajibu, "Nimesema kwao." Walimfunika khanga mbili akachukuliwa na shangazi zake. Hakuniaga. Ukili wake ulibaki umening'inia ukingoni mwa kitanda, nusu umesukwa, na mimi nikakaa na kitanda kizima peke yangu nisijue pa kuweka miguu.

Bagamoyo si mbali na Kaole, mtu mzima anakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Lakini mwali angekwendaje? Hapa ndipo nilipomjua bibi yangu alikuwa mtu wa namna gani. Asubuhi ya hukumu aliwaita wanawake wa ngoma yake, wale aliowafunda yeye mwenyewe, wakaja na khanga zao mpya. Wakasimama mduara, kila mmoja kashika pindo la mwenzake, wakanitia katikati. Khanga juu, khanga pembeni, mpaka mbele yangu nikawa naona visigino tu na mchanga. Tukatembea hivyo njia nzima, jasho linanitiririka na liwa, na wao wanaimba nyimbo za kutolea mwali, zile za matusi, ili wanaume wajitenge wenyewe. Watu walikimbia njiani. Mchuuzi wa mhogo aligeuza uso kwenye mti akasimama hivyo mpaka tulipopita. Mimi huku ndani nilikuwa nikihesabu kwa kichwa changu cha kijinga: Mzee Mshamu mmoja mzima, na mimi nusu. Nusu moja haitoshi.

Baraza la Liwali lilikuwa na sakafu ya saruji, ya baridi, nikaihisi nyayoni. Harufu ya udi na ya wanaume wengi. Kelele zikakatika ghafla. Nikasikia sauti ya Liwali, mzee wa Kiarabu, Kiswahili chake laini kama anakusomea dua: "Bi mkubwa, hii ni nini?" Bibi akasema, "Shikamoo Bwana Liwali. Ni shahidi." Jumbe akaruka. "Bwana, huyo ni mwali! Kwa mila zetu mwali hatoki ndani!" Bibi akasema, "Hajatoka. Ndani ndiyo iliyokuja." Kuna watu walicheka, na Liwali akagonga meza, lakini nadhani naye alicheka, maana alikohoa. Jumbe hakukubali. "Basi ni mtoto. Mtoto hana ushahidi." Hilo ndilo Bibi alilokuwa akilingoja kama paka. "Mtoto? Jumbe Mwinyihija, si umemposa juzi kwa mwanao? Umeleta kilemba cha mjomba, umeleta na mshenga. Kwa mwanao ni mtu mzima, kwa Liwali ni mtoto? Chagua hapa hapa, tukusikie." Mtu wa nyuma akasema, "Mjibu, Jumbe!" akatolewa nje.

Liwali akasema niape. Msahafu ukapitishwa chini ya khanga, nikaushika. Nikasema yote: hodi, viatu, jiwe, kiberiti. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni, kama ya mtu mkubwa aliyesimama nyuma yangu. Jumbe akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Anamtetea bwana wake huyo." Wanawake waliokuwa wameshika khanga wakatikisika kama wanataka kumrukia. Liwali akasema, "Muadhini tumemsikia. Binti tumemsikia. Lakini sheria mnaijua. Huyu ni mwanamke mmoja. Yuko wa pili?" Nilisikia feni ya dari inavyozunguka, nikasikia mtu anajikuna. Liwali akauliza tena. Athumani nilikuwa simwoni, lakini nilijua yuko pale, nikajua anatazama sakafu. Nikaomba kwa Mungu, siyo kwa maneno, kwa meno.

Ndipo nikasikia wimbo. Kwa mbali, barabarani, wanawake wachache tu, nao wanaimba ule wimbo wa matusi, tena vibaya, kwa woga. Khanga zetu zikafunguka upande mmoja, akasukumwa ndani mtu, akaniangukia. Nilimjua kwa liwa. Aliletwa na mama yake, Bi Mgeni, mwanamke ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akimpinga mumewe hata juu ya chumvi. Mwanaisha alikuwa anahema. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka leo naona kama alama iko. Liwali akasema aape, akaapa. Akasema yake. Nayo ilikuwa ile ile yangu, na juu yake akaongeza kahawa iliyomwagika, na Bibi alivyomwambia Athumani ajifunze kwanza kushika kikombe. Liwali akamwambia askari, "Mgeuze mshtakiwa nimwone kifua." Doa likaonekana.

Lakini Jumbe hakuwa mjinga. Akasema, "Bwana Liwali, kwa heshima. Hapa tunasikia sauti kwenye vitambaa. Nani anajua ni ya nani? Wanaweza kuwa wamemleta mtu yeyote. Huyo anayesema ni binti ya Shomari, mimi najua binti ya Shomari yuko nyumbani kwao." Liwali akasema, "Ni kweli. Yupo hapa anayeijua sauti hii?" Na Mzee Shomari alikuwa amekaa pale pale, ubavuni kwa Jumbe, muhuri mapajani. Mwanaisha aliacha kuhema. Sasa nafahamu kilichokuwa mizanini kwa yule mzee: cheo chake, ukoo wake, rafiki yake wa tangu utoto, na jioni ya siku ile atakula wapi na nani. Wakati ule sikufahamu, nilimchukia tu. Nikasikia kiti kinasukumwa nyuma.

"Naijua," akasema. "Ni mwanangu."

Athumani aliachiwa siku ile ile. Liwali alimwambia Jumbe, kwa ule ulaini wake, kwamba vijana wakipiga hodi mchana na viatu mkononi, mwenye nyumba mwenye akili hufungua. Kabla mwaka haujaisha vijana wawili walikuwa wanakaa barazani Kaole, Jumbe akawapa nafasi mlangoni, kwenye viatu vya watu, wakakaa hapo hapo na wakasema hapo hapo. Athumani alikuwa mmoja wao. Posa yangu ilirudi keshoye. Nilitolewa kwa ngoma ndogo bila mgeni wa maana, nikakaa nyumbani muda mrefu nikiitwa mwali wa Liwali, na aliyekuja kunioa mwishowe alikuwa mtu wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, ambaye alisema alitaka hasa yule msichana mwenye domo. Sikujuta. Na atakayesema nilimtetea bwana wangu, Athumani alioa mjini, na mkewe nilimfunda mimi, maana ukungwi wa Bibi niliurithi.

Lakini ninachotaka Rehema akijue ni kile cha njiani tuliporudi. Mzee Shomari alitangulia mbele peke yake, muhuri hana tena, kaukabidhi pale pale mezani. Sisi nyuma, wanawake wote na khanga zao, na humo ndani mimi na Mwanaisha tumeshikana mikono, hakuna anayeimba. Tukafika kwenye minazi ya mwanzo wa kijiji. Yule mzee akasimama, mgongo ametupa, hakugeuka. Akaita, "Mwanaisha." Naye akajibu kwa kile kisauti chake, "Labeka, baba." Akasema, "Ulisema chini sana. Nusura nisikusikie." Kisha akasema, "Siku nyingine, paza."

Jana Rehema alisema mbele ya mkutano wa kata, kwenye darasa la shule, wazee wamejaa madawati ya mbele mikono kifuani. Nilikaa nyuma kabisa na fimbo yangu. Alianza chini chini, na mmoja wa wajomba zake akaanza kuongea na jirani yake kana kwamba hakuna anayesema. Nikamngoja Mwanaisha aseme. Nikakumbuka. Basi nikagonga sakafu kwa fimbo, nikasema mimi, kwa domo langu la watu wawili, "Paza, mwanangu!" Darasa zima likageuka. Akapaza.